Tundu la Pili

Bweni la Wafanyakazi,
Chumba Na. 14,
Upande wa Karakana.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi, na tafadhali zipokee umekaa, maana nakujua, ukipata barua unaisoma umesimama mlangoni huku jicho moja liko jikoni. Hujambo? Watoto hawajambo? Mguu wa Mama unaendeleaje, bado anaukanda mwenyewe kwa maji ya moto au amekubali kumwona daktari? Na kikohozi cha kitindamimba wako kimeisha, au bado kinawaamsha nyumba nzima? Mimi mwili ni mzima. Nimepungua kidogo, mkanda nimeutoboa upya ili ubane, lakini sijaumwa hata siku moja.

Shemeji naye ni mzima. Naliandika mapema ili usiruke mistari kumtafuta. Hivi ninavyoandika amekaa kitandani kwake, mkabala na changu, anashona kifungo cha ovaroli kwa uzi mweupe ingawa ovaroli ni ya buluu. Nimemwambia kinaonekana kama jicho la samaki. Amesema nondo anazofunga kazini hazina macho ya kumcheka. Bado anakoroma vilevile, kwa hiyo kama umepata usingizi mzuri miaka hii miwili, ujue sisi watano wa chumba hiki tunaulipia.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Dada, simu yako ina masikio mengi. Watoto wanaweka sauti ya juu, Mama anasikiliza kutoka kitandani, jirani anapita anatia neno lake. Na upande wangu mumeo anakaa ubavuni kwangu ananitazama mdomo. Kila ulipouliza kazi inaendeleaje nilijibu salama. Wiki tatu nzima nimekudanganya. Mwashi wa chumba cha pili anakwenda likizo kesho na atapita karibu na kwenu, kwa hiyo barua hii nitamkabidhi mkononi. Isome peke yako. Mama umsomee salamu tu.

Mimi naogopa, Dada. Hilo ndilo jambo lenyewe. Naogopa asubuhi nikifunga viatu, naogopa nikila, naogopa hata nikiwa peke yangu chooni. Naogopa kwa ajili yangu kidogo, na kwa ajili ya mumeo sana.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu. Unajua naendesha boti ya wafanyakazi, ila sijawahi kukupa picha yake. Bweni na karakana viko upande huu. Gati jipya tunalojenga liko ng'ambo. Katikati kuna mfereji mpana zinamopita meli za mizigo, zile kubwa ambazo ukizitazama unadhani mtaa wa ghorofa umeamua kuhama. Kuvuka ni dakika ishirini na tano. Asubuhi napeleka watu thelathini, jioni nawarudisha. Jaketi za kuelea ziko kumi na mbili, wanavaa waliowahi. Mumeo hapendi kugombania vitu, kwa hiyo siku nyingi huvuka na shati lake tu. Na kuogelea hajui. Maji anayoyafahamu ni ya ndoo.

Yeye hukaa mbele kabisa, kwenye ncha ya boti. Siku ya kwanza watu walimuuliza kwa nini anapenda kulowa, akasema anataka kufika wa kwanza. Tangu hapo wanamwita Wa Kwanza, na hata msimamizi amelizoea jina hilo.

Boti inaendeshwa na injini moja ya nyuma. Sisi tunaiita Mama Mkwe, kwa sababu ikinuna haikwambii umeikosea nini. Zamani ilikuwa hainuni. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatatu asubuhi, tulipofika karibu na boya jekundu lililo katikati ya mfereji, nikasikia sauti inalegea. Nilikuwa nimeongeza moto mpaka mwisho lakini boti inapungua tu, kama mtu anayepanda mlima akiwa na njaa. Ikakohoa mara tatu ikazima. Tukaelea. Baada ya dakika kama nne nikavuta kamba, ikawaka, tukafika salama. Watu walicheka wakasema Mama Mkwe kapitiwa na usingizi.

Jioni ikafanya tena. Kesho yake ikawa nzima, kwenda na kurudi, nikashukuru Mungu. Keshokutwa yake ikazima, pale pale kwenye boya. Kilichonitia baridi mgongoni ni hicho, Dada: tukitoka huku inazima kwenye boya, tukitoka kule inazima kwenye boya. Si kila siku. Ingekuwa kila siku ningejua ni ugonjwa. Huu ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga.

Mpishi wa kambi akasema pale kuna mtu alizama wakati wa kuchimba mfereji, na anatafuta wa kumshika mkono. Alisema kwa utani, anagawa chai, lakini kuanzia siku ile boti ikikaribia boya watu wote hunyamaza. Kila mtu anasali anavyojua. Mimi niliyeshika usukani ndiye niliyetakiwa kutoamini, nami nilijikuta nimebana pumzi kama wao.

Fundi wetu wa injini tunamwita Daktari, ana mikono myepesi na moyo mzuri. Akabadilisha plagi. Siku mbili safi, ya tatu ikazima. Akasafisha kabureta. Akabadilisha chujio, akamwaga mafuta yote akatia mapya akidhani yana maji. Akatazama pangaboi la chini ya maji, lisije kuwa limenasa kamba au mpira wake wa ndani umelegea. Akabadilisha na ule mpira wa mafuta wenye kibofu katikati, kile unachokiminya kwa mkono kusukuma mafuta kwenda kwenye injini. Kila alipomaliza aliijaribu hapo hapo gatini, boti imefungwa kamba, nayo inanguruma vizuri nusu saa nzima. Ananitazama. Namtazama. Tunarudi kwenye boya, inazima.

Msimamizi wetu, ambaye tunamwita Kofia kwa sababu hatujawahi kukiona kichwa chake, akaanza kuniuliza maswali yenye mikia. Mbona kwa Daktari inawaka. Mbona inazima mahali ambapo hakuna anayeniona. Niliyaelewa maswali yale. Dereva aliyekuwepo kabla yangu alifukuzwa kwa kuuza mafuta ya boti, na picha yake mpaka leo imebandikwa kwenye ubao wa getini na neno MWIZI chini yake kwa kalamu nyekundu. Kampuni zote za upande huu zinapeana picha hizo. Yule bwana hakupata kazi tena hata ya kubeba zege.

Kwa sababu yake ndiyo mafuta yetu yanafungwa lakiri. Kila asubuhi na kila jioni mtunza stoo anapima tangi kwa kijiti, anafunga kifuniko, anakizungushia nailoni nzito, anakaza waya juu yake, halafu anabana kidonge cha risasi chenye namba. Sisi madereva haturuhusiwi kugusa. Tukirudi anakagua waya na nailoni kwa tochi, hata kama jua linawaka. Ukikuta ameliinamia tangi utadhani anamtazama mtoto koo.

Naomba uishike akilini nailoni hiyo, nitairudia.

Sasa Alhamisi. Sijui niandike vipi ili uelewe bila kupata mshtuko, kwa hiyo kumbuka kwamba mumeo yuko hapa anashona kifungo.

Tulikuwa tunarudi saa kumi na moja jioni, boti imejaa. Nilitazama pande zote kabla ya kuingia kwenye mfereji. Kulikuwa na meli moja upande wa juu, mbali bado. Nilihesabu kwamba tutavuka nayo ikiwa mbali. Hesabu ilikuwa sawa kwa injini yenye afya. Tulipolifikia boya, sauti ikalegea. Watu walikuwa wameshanyamaza kama kawaida yao, kwa hiyo kila mtu aliisikia ikikohoa mara tatu, na kila mtu aliisikia ikizima.

Meli ilipiga honi. Dada, honi ile huisikii kwa masikio, unaisikia kwa meno. Meli ya namna ile haiwezi kusimama wala kukwepa, ikishika njia yake imeshika. Tulikuwa na makasia mawili, moja limevunjika tangu mwaka jana. Mpiga rangi mmoja akaanza kupiga maji kwa ndoo, watu wakajazana upande mmoja, boti ikainama. Ndipo nikamsikia mumeo kutoka kule mbele, sauti yake ile ya pole pole, akisema, "Kaeni chini. Aliyesimama anamzuia dereva." Wakakaa. Alisema hivyo hana jaketi.

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye tangi. Nikaminya kibofu, hakikurudi. Kilibaki bapa mkononi kama mfuko mtupu. Nikadhani mafuta yameisha, nikalishika tangi kwa mikono miwili nilitikise. Na hapo nikaona kitu ambacho wiki tatu sikukitazama, kwa sababu injini ikizima macho yangu yote huwa kwenye injini. Tangi lilikuwa limebonyea mashavu. Ni la plastiki nene, jekundu, na pande zote mbili zilikuwa zimeingia ndani kama mashavu ya mzee asiye na meno anayenyonya pipi. Na mafuta yalikuwemo, niliyasikia yakicheza.

Nililitikisa kwa nguvu za woga. Kidole gumba kikateleza juu ya kifuniko, ukucha ukachana nailoni. Nikasikia sauti ndefu, fyuuu, kama mtu aliyezama aliyetoa kichwa nje ya maji. Mashavu ya tangi yakarudi nje yenyewe, pwa, pwa. Nikaminya kibofu, kikajaa kikawa kigumu. Nikavuta kamba mara moja tu. Ikawaka ikanguruma kama siku iliyonunuliwa.

Tulitoka. Meli ilipita nyuma yetu, karibu kama kutoka mlangoni kwako hadi kwenye bomba la maji. Mawimbi yake yalitutupa juu mara nne. Hakuna aliyeanguka. Tulipofunga kamba watu walishuka mmoja mmoja, wengine wakinigusa bega, wengine hawakunitazama.

Dada, katikati ya mawimbi yale unajua nilikumbuka nini? Nilikumbuka wewe. Nilikumbuka siku ile Mama ametuachia kibanda cha mafuta ya kula, nami nikataka kumpimia mteja mwenyewe. Nilitoboa debe tundu moja pembeni nikaliinamisha. Mafuta yakatoka kidogo, yakasita, yakakohoa, yakamrukia yule mteja kwenye gauni. Nikazidi kuinamisha, yakazidi kukohoa. Ukaninyang'anya msumari na jiwe, ukapiga tundu la pili upande wa pili wa debe. Mafuta yakaja membamba, yametulia kama uzi. Nikakuuliza umefanya uchawi gani, ukaniambia, "Nalo linataka kuvuta pumzi, mjinga wewe."

Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo siri yote ya boya jekundu. Kifuniko cha tangi kina skrubu ndogo juu yake ya kuingiza hewa, na sisi tumeifunika kwa nailoni na kuikaza kwa waya. Injini inanyonya mafuta, hewa haiingii, tangi linabonyea, mwishowe injini inashindwa kunyonya. Kwa mwendo wetu hilo huchukua dakika kumi na mbili au kumi na tatu, na dakika hizo ndizo zinazotufikisha kwenye boya, tutoke huku au kule. Tukielea kidogo, hewa inajipenyeza polepole, injini inawaka. Na siku zile ilizokuwa nzima ni siku ambazo mtunza stoo alikuwa na haraka akafunga legelege. Na Daktari hakuona kitu kwa sababu kabla ya kuijaribu, lazima kwanza mtunza stoo akate lakiri na afungue kifuniko apime mafuta. Kila tulipoipeleka kwa fundi, tuliiponya mlangoni kabla hajaigusa.

Sasa nirudi kwenye nailoni. Hili ndilo gumu kuliko yote kukuandikia. Nailoni ile niliileta mimi.

Mwanzoni lakiri ilikuwa waya na risasi tu. Mvua zilipoanza, maji yaliingia tangini kupitia ile skrubu, nikapata shida siku moja. Nikachukua nailoni nzito iliyokuja imefungia magodoro, nikaikata kwa mkasi vipande vizuri, nikampelekea mtunza stoo na kumwonyesha jinsi ya kuizungusha. Akaipenda, maana waya ulikuwa unashika vizuri zaidi. Kofia akanisifu mbele ya watu. Alisema, huyu ndiye dereva anayetumia kichwa. Dada, miaka miwili hapa sikuwahi kusifiwa. Nilikula chakula cha jioni nikijisikia mrefu. Na Jumatatu iliyofuata ndiyo Jumatatu niliyokuandikia hapo juu. Sikuunganisha. Nilitafuta kosa kila mahali isipokuwa mahali niliposifiwa.

Watu thelathini nimewatia woga kwa mkasi wangu mwenyewe. Mpishi alimsingizia marehemu, na marehemu hana hatia. Bado sijawaambia wenzangu. Naogopa macho yao kuliko maneno yao.

Jioni ile ile ya Alhamisi mtunza stoo aliona nailoni imechanika. Sikulaumu kazi yake. Niliitwa ofisini, chumba chenye feni inayogonga ukuta, nikapewa karatasi ya onyo niweke sahihi: kuharibu lakiri. Onyo ni moja tu. Mara ya pili ni ubao wa getini.

Ijumaa nilipiga moyo konde nikarudi kwa Kofia na kumweleza yote, tangi, mashavu, hewa, mpaka debe la Mama nikalitaja. Alinisikiliza, sitamsingizia. Akaenda nami gatini, akaagiza tangi lifungwe nailoni na lakiri, injini iwashwe. Ikanguruma dakika kumi boti ikiwa imefungwa kamba, bila mzigo, polepole, inakunywa mafuta kidogo kama kinda la ndege. Haikuzima. Nikamwambia ngoja izidi, ongeza moto. Akatazama saa. Akaniambia, "Dereva, kwanza ulisema plagi. Ukasema chujio. Sasa unasema nailoni, na nailoni uliileta wewe. Kesho utasema ni mimi?" Akasema ataandika makao makuu, na mpaka wajibu lakiri inabaki ilivyo, na nailoni yake.

Barua za makao makuu huchukua wiki mbili. Kwa siku moja tunavuka mara mbili.

Basi Ijumaa hiyo na jana nilivuka kwa mwendo wa konokono, ili injini inyonye kidogo. Tulitumia dakika hamsini na bado ilianza kukohoa karibu na ng'ambo. Watu walichelewa kazini siku zote mbili, msimamizi wa zege akalalamika. Kofia amenionya kwamba nikichelewesha tena kesho, usukani anampa mchomelea vyuma, ambaye anajua kuendesha pikipiki. Nilifikiri pia kukataa kazi. Lakini nikikataa, boti itaondoka vilevile, na mumeo atakuwa mbele pale pale, nyuma yake kuna mtu asiyejua kwa nini tangi linabonyea. Nisipokuwepo mimi siwezi hata kuogopa kwa niaba yake.

Ulipotusindikiza stendi hukumwambia yeye anitunze, ingawa mimi ndiye mdogo. Ulinivuta pembeni ukaniambia, "Huyu nakukabidhi." Maneno mawili. Nimeyabeba kama mtu abebaye trei ya mayai kwenye umati.

Jana mchana baada ya kazi nilimweleza mumeo kila kitu, na habari ya mkasi na magodoro nikaitoa pia. Nilikuwa tayari kutukanwa. Aliinuka akafungua sanduku la vifaa vyake vya nondo, akachagua msumari, akaunoa kwenye jiwe la dirishani mpaka ncha ikawa kama sindano, akanipa. Akasema nitoboe nailoni tukiwa njiani, na tundu litakuwa dogo kuliko punje ya mchele, pembeni mwa skrubu, chini ya mkunjo wa nailoni. Nikamwambia mtunza stoo ana tochi. Nikamwambia wataniona naweka mkono kwenye tangi, kwenye boti hakuna pa kujificha. Akasema, "Mimi nitakaa nyuma na wewe. Nina mgongo mpana."

Sasa hivi, akimalizia kifungo, nimemwambia, Shemeji, wakitukamata, picha zitakuwa mbili. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Basi safari hii nitafika wa mwisho." Halafu akacheka, Dada. Mimi sikuweza.

Ndiyo maana nimekuandikia leo na si kesho. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunavuka. Kama tutarudi nyumbani kabla ya mkataba kwisha, na mtu yeyote akaja na habari kwamba ndugu yako na mumeo walifukuzwa kwa wizi wa mafuta, utajua hatukuiba hata tone. Utajua ni tundu moja dogo ulilonifundisha wewe. Waambie watoto hivyo hivyo, wakifikia umri wa kuuliza.

Na kama hatutakamatwa, nimeapa kwamba makao makuu wakijibu nitasimama mbele ya boti nzima nikiri habari ya nailoni, wanifanye watakavyo. Woga wao ni mali yao, siwezi kuendelea kukaa nao mfukoni. Marehemu wa mpishi naye nitamwomba radhi.

Jumapili ijayo ukipiga simu usiulize habari za boti, utatushtua wote. Muulize tu mumeo siku hizi anakaa wapi. Akikujibu anakaa nyuma, jua tunavuka, na tunavuka salama.

Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie kifunguamimba wako, mwambie mjomba anasubiri kuona karatasi ya mtihani wa hesabu, hata kama alama zimejificha. Wasalimie mapacha, kila mmoja peke yake ili wasigombane. Msalimie mama mdogo, na yule fundi cherehani wa jirani anayetia neno kwenye simu. Mumeo anasema umkatie kitindamimba nywele, ameota ana nywele ndefu.

Mungu aifunike nyumba yenu kwa mkono wake, naye aache upenyo wa pumzi kwa kila mmoja aliyemo ndani. Nasi huku atutazame kesho tutakapolifikia boya.

Msumari umeshaingia kwenye soksi yangu ya kushoto. Nimeupima kwa kidole. Ni wa inchi mbili, kama ule wako.

Ni mimi nikupendaye, mdogo wako,
mpima mafuta uliyemnyang'anya jiwe.